Shule Ipokee Watoto Wote: Wazazi Wafanyakazi wa Pwani ya Kaskazini Tuna Zamu Yetu



Mwezi wa Oktoba, korosho zinapoanza kuanguka na viwanda kuanza kutafuta vibarua wa msimu, shule zetu za msingi kwa kawaida hufungua daftari la kuandikisha watoto wa darasa la kwanza. Baba na mama hutoka Palma, Olumbi, Quionga, Mocímboa da Praia na vijiji vya jirani, wakapanga foleni mbele ya meza ya mkurugenzi wa shule. Foleni hiyo tunaijua, lakini haionyeshi watoto wote. Wapo wengine waliobaki nyumbani.

Yupo mtoto asiyesikia vizuri, ambaye nyumbani wanasema ni mkaidi. Yupo asiyeweza kutembea hadi shuleni. Yupo aliyekimbia vita na wazazi wake na kurudi bila karatasi hata moja. Yupo msichana aliyeacha darasa la tano akalee wadogo zake mama awahi zamu. Na yupo mwingine ambaye ameandikishwa na anakwenda kila siku, ila amekaa nyuma kabisa, haelewi neno, naye anangoja mwaka wa tatu upite aache shule kimya kimya.

Makala hii yawahusu watoto hao. Twajua wapo wanachama watakaouliza: chama cha wafanyakazi kina kazi gani na mambo ya darasani? Si kipiganie mishahara? Twajibu hivi: mkataba wa kazi huandikwa kwa Kireno. Mfanyakazi asiyeweza kuusoma hutia kidole gumba chini ya maneno asiyoyajua. Tangazo la kazi ya ufundi hudai cheti cha shule. Asiye na cheti hubeba mifuko, hufyeka nyasi, na siku kazi ikipungua huwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Mtoto anayebaki nje ya daftari la Oktoba leo ndiye kibarua wa siku wa kesho, na hatutaweza kumtetea mbele ya mwajiri kwa jambo lililoharibika akiwa na miaka sita.

Hapa pwani ya kaskazini jambo hili lina haraka yake. Ujenzi wa mradi wa gesi pale Afungi ulisimama baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, na mwezi wa Novemba 2025 kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kuondoa zuio lililousimamisha. Kazi zikija, zitaulizwa vyeti. Watoto wetu watakuwa navyo, au watakaa kando ya barabara wakiangalia magari yakipita?

TULIKOTOKA

Haifai kulizungumza jambo la shule kama kwamba limeanza jana. Wazee wetu wengi walivuka mto Ruvuma wakati wa ukoloni, wakaenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanganyika, hasa upande wa Tanga. Huko walikutana na vyama vya wafanyakazi, wakaona watu wakidai haki yao kwa sauti moja. Katika jumuiya zao za ugenini ndimo ilimotoka MANU, mojawapo ya vyama vitatu vilivyoungana kuunda FRELIMO mjini Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962.

Nyumbani, shule ya mkoloni haikuwa ya wote. Kwa mapatano ya mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani, elimu ya Waafrika iliachiwa misioni za Kikatoliki. Kwa watu wa pwani, ambao wengi ni Waislamu, shule hiyo ilikuwa na sharti lisilosemwa: mpeleke mtoto, lakini ujue huenda akarudi na jina jingine na dini nyingine. Wazazi wengi wakawazuia watoto wao. Wakaendelea na chuo cha Kurani, ambako watoto walijifunza herufi za Kiarabu, na wengi wakaweza kuandika barua za Kiswahili na Kimwani kwa herufi hizo. Hata hivyo mkoloni aliwahesabu kuwa hawajui kusoma. Huo ulikuwa ubaguzi: shule haikumfuata mtoto alipo, kisha mtoto akaitwa mjinga.

Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964 pale Chai, katika mkoa wetu huu wa Cabo Delgado, maeneo yaliyokombolewa yalianzisha shule msituni. Walimu wengine walikuwa wamesoma darasa nne tu. Ubao ulikuwa kipande cha mti, dari ilikuwa majani. Wazazi walilima chakula cha shule, wakajenga vibanda, na wenyewe wakakaa kujifunza pamoja na watoto. Shule ile ilikuwa maskini kwa kila kitu, ila wazazi walikuwamo ndani yake.

Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, kiasi cha watu 93 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1978 kampeni ya kwanza ya taifa ya kufuta ujinga iliwapa kipaumbele wafanyakazi wa viwandani na mashambani. Madarasa yalifanyika baada ya zamu, karibu na mashine. Sensa ya mwaka 1980 ilipofanyika, idadi ya wasiojua kusoma ilikuwa imeshuka hadi 72 katika kila 100. Tangu hapo wafanyakazi na shule wanajuana.

JE, MTOTO HAELEWI, AU HASEMESHWI?

Tuanze na kikwazo cha lugha, kwa sababu kinawagusa karibu watoto wote wa pwani. Mtoto wa Mocímboa da Praia amelelewa kwa Kimwani. Wa Palma amelelewa kwa Kimakwe au Kiswahili. Wa Mueda kwa Kimakonde. Anaingia darasani siku ya kwanza, mwalimu anafungua kinywa, na Kireno kinatoka. Mwalimu mwenyewe mara nyingi katoka mkoa mwingine, hana neno la pwani hata la kuombea maji.

Mtoto hukaa kimya. Nyumbani ni msemaji, huuza vitumbua bila kukosea chenji, huwatungia wenzake vitendawili. Darasani anaandikiwa kwamba hawezi. Mtoto huyu hana ulemavu wowote. Ameulizwa kwa lugha ambayo hajafundishwa bado.

Serikali yenyewe imeliona jambo hili. Kati ya miaka 1993 na 1997 ilijaribu katika mikoa ya Tete na Gaza kufundisha kwa lugha ya mtoto kwanza, kwa Kinyanja na Kichangana. Kuanzia mtaala wa mwaka 2003 elimu ya lugha mbili iliingia rasmi, kwa orodha ya lugha 16. Kimwani, Kimakonde na Kimakua zimo katika orodha hiyo. Kimakwe na Kiswahili hazikuwamo. Mpango ni kwamba mtoto aanze kusoma na kuandika kwa lugha yake katika madarasa ya mwanzo, huku akijifunza Kireno kwa mdomo, kisha avuke taratibu.

Wapo wazazi wanaoukataa mpango huo. Husema: Kimwani anakijua tayari, mimi nimemleta ajifunze Kireno kimpatie kazi. Tunawaelewa, kwani sisi pia ni wazazi. Lakini fikirini: fundi anayemfundisha mwanagenzi kuranda mbao humweleza kwa lugha anayoielewa, kisha majina ya vifaa vya kigeni humjia baadaye. Mtoto akishajua kwamba herufi zinasema kitu, atazisoma kwa Kireno pia. Asipojua hilo kwa lugha yoyote, atanakili ubao miaka mitano asijue alichokinakili.

MACHO, MASIKIO, MIGUU

Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu wenye ulemavu kama 727,000 nchini Msumbiji, yaani 2.6 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake linakadiria kwamba duniani kote ni kama watu 16 katika kila 100. Ama nchi yetu imejaliwa afya kuliko ulimwengu wote, ama watu wetu wengi hawakuandikwa. Sisi twaona ni hilo la pili. Wengine hufichwa uani mgeni anapobisha hodi. Wengine wana upungufu mdogo ambao hakuna aliyeuita ulemavu.

Huo upungufu mdogo ndio unaowapoteza watoto wengi bila kelele. Mtoto aliyetokwa na usaha masikioni tangu utotoni anasikia nusu. Mtoto asiyeona mbali haoni ubao. Wote wawili huitwa wavivu, na wote wawili wangesaidiwa kwa jambo jepesi, lau mtu mzima mmoja angetambua.

Mzazi anaweza kutambua mwenyewe nyumbani. Simama nyuma ya mtoto, hatua chache, wakati anacheza peke yake, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine. Kama hageuki, mpeleke kituo cha afya aangaliwe masikio. Usimchokonoe kwa kijiti wala usimtie mafuta. Kwa macho, mwoneshe mashua au mnazi ulio mbali ambao ndugu zake wanauona, umuulize aona nini. Ukimwona anakunja uso, anaegemeza kichwa upande mmoja, au anasogeza daftari puani, hizo ni dalili.

Kisha umwambie mwalimu. Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi mno hawezi kuyajua haya peke yake. Anaweza kumweka mtoto mstari wa mbele. Anaweza kusema akiwa amewaelekea watoto, badala ya kuzungumza na ubao. Anaweza kumpa mwenzake wa kumsomea yaliyoandikwa. Mambo hayo hayadai fedha za mfadhili wala ruhusa ya wizara.

Kwa ulemavu mkubwa, kazi ni ngumu zaidi, na hatutaki kuwadanganya wazazi. Mtoto kiziwi anahitaji lugha ya ishara, na walimu wanaoijua ni wachache. Mtoto kipofu anahitaji maandishi ya nukta nundu. Shule maalumu ya wasioona ipo Beira, mbali nasi. Serikali ilijenga vituo vitatu vya elimu jumuishi: Macia mkoani Gaza, Tete, na Anchilo mkoani Nampula. Cha karibu nasi ni hicho cha Anchilo, nacho ni safari ya mamia ya kilomita kutoka Palma. Kwa hiyo kwa watoto wengi wa pwani yetu, shule ya kijiji ndiyo itakayokuwa shule yao, ama hawatakuwa na shule kabisa. Ndiyo maana twasema shule ya kijiji ijirekebishe: kilima kidogo cha udongo mahali pa ngazi ili kiti cha magurudumu kipite, choo chenye mlango mpana na mti wa kushikia, darasa la mtoto asiyetembea lisiwe lile la mbali kuliko yote. Waashi na maseremala tunao, ndio hao wanachama wetu.

Jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma wanatupa mfano. Dar es Salaam iko shule ya msingi ya serikali iitwayo Uhuru Mchanganyiko, ambamo watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine husoma pamoja na wenzao. Zanzibar, wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili waliungana katika chama mwaka 1999, wakasimama mbele ya wizara na kudai watoto wao wapokelewe katika shule za kawaida. Hawakungoja kualikwa. Kwetu Msumbiji kipo chama cha watu wenye ulemavu, ADEMO, na lipo shirikisho la vyama vyao, FAMOD. Yafaa chama chetu kijuane nao.

VITA NA UHAMISHO

Tangu mashambulio ya Mocímboa da Praia ya tarehe 5 Oktoba 2017, watoto wa wilaya zetu wamesoma kwa vipande vipande. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kikaongeza msiba. Agosti 2020 Mocímboa da Praia ikatekwa, ikakaa mwaka mzima hadi ilipokombolewa Agosti 2021. Mwishoni mwa mwaka 2022 waliohama makwao walizidi milioni moja. Waliotoka Palma na Mocímboa walisambaa Pemba, Metuge, Montepuez, Mueda na hadi Nampula. Kisha malaki wakaanza kurudi, hata kama mashambulio hayakwisha kila mahali.

Hebu tumfikirie mtoto aliyekuwa na miaka saba mwaka 2020. Amekaa kambini, ambako wenyeji wasema Kimakua. Amesoma miezi mitatu hapa, miezi miwili kule. Anarudi kwao akiwa mrefu kuliko dawati, na wanamweka na watoto wa miaka minane. Wanamcheka. Mwalimu akipiga rula mezani, yeye anaruka, kwa sababu alikwisha sikia milio mingine. Mtoto kama huyu hana utovu wa adabu. Anahitaji mwalimu anayejua habari zake, na habari zake tunazo sisi wazazi. Tukinyamaza, mwalimu atatumia fimbo mahali pa kutumia subira.

Aidha liko jambo la karatasi. Nyumba zilipoungua, vyeti viliungua nazo. Mzazi asiogope kwenda shuleni kwa sababu hana karatasi. Aende, amweleze mkurugenzi mtoto alifika darasa gani, aombe apokelewe na apimwe kwa kuulizwa, huku yeye mzazi akifuatilia cheti kwenye ofisi ya uandikishaji. Na wenye watoto wachanga wakumbuke kwamba kuandikisha mtoto ndani ya siku 120 tangu azaliwe hakulipiwi.

Tusiwasahau wasichana. Kwa miaka 15, kuanzia mwaka 2003, kulikuwa na agizo la wizara lililomhamishia msichana mwenye mimba kwenye masomo ya usiku. Usiku, katika njia zetu zisizo na taa, maana yake ilikuwa ni kuacha shule. Mwezi wa Desemba 2018 agizo hilo lilifutwa. Leo msichana aliyezaa ana haki ya kurudi katika darasa la mchana. Wazazi wengi hawajui. Mwambieni jirani yenu.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya mwaka 2004 inasema elimu ni haki na wajibu wa kila raia. Sheria ya elimu ya mwaka 2018, namba 18/2018, imeweka elimu ya lazima na ya bure kutoka darasa la 1 hadi la 9. Mwaka 2012 Msumbiji iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unataka mtoto asikataliwe shule kwa sababu ya ulemavu wake. Umo pia mkakati wa serikali wa elimu jumuishi wa miaka 2020 hadi 2029, na mwaka 2024 ikapitishwa sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu.

Sisi wafanyakazi tunajua tabia ya sheria. Sheria ya kazi nayo ilikuwapo siku nyingi, lakini kofia ya usalama haikufika kichwani hadi tulipoidai. Ya shule ni hivyo hivyo.

KITI CHETU KATIKA BARAZA LA SHULE

Kila shule inapaswa kuwa na baraza la shule, lile ambalo kwa Kireno huitwa conselho de escola. Humo wamo mkurugenzi, walimu, wafanyakazi wa shule, wanafunzi, wazazi na wawakilishi wa jamii. Baraza hujadili mpango wa shule, hufuatilia mahudhurio, na husimamia matumizi ya fedha ndogo ambazo serikali huzipeleka shuleni moja kwa moja. Hapo ndipo penye kalamu. Hapo ndipo huamuliwa kama fedha zitanunua rangi ya ofisi ya mkurugenzi au mbao za kutengeneza madawati ya mbele.

Lakini viti vya wazazi hukaliwa na nani? Aghalabu na wenye nafasi: mwenye duka, mzee wa mtaa, mtu asiyepiga kadi ya zamu. Mama anayebangua korosho tangu alfajiri na baba aliye gatini hawaonekani. Mkutano huitwa Jumatano saa tatu asubuhi. Mwalimu huhitimisha kwamba wazazi hawajali. Wazazi huhitimisha kwamba shule si yao. Wote wawili wanakosea, na anayelipa ni mtoto.

Mzazi akifika shuleni, mara nyingi hufika kwa kuitwa, kama mshitakiwa. Twashauri aende kabla ya kuitwa, na aende kwa heshima ya pande zote mbili. Maneno si mengi:

"Salaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mama yake yule mwanafunzi wa mstari wa nyuma. Nimekuja tujuane."

"Aleikum salaam, mama. Karibu. Mtoto wako ni mpole, lakini hajibu maswali."

"Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, mwalimu. Na nyumbani twasema Kimwani. Nakuomba umkalishe mbele upande wa dirisha, sikio la kulia likuelekee. Nami jioni nitamwuliza amejifunza nini."

"Sikujua, mama. Kesho nitamhamisha."

Mazungumzo hayo huchukua dakika mbili. Yanaweza kumwokolea mtoto mwaka mzima.

Na mzazi asiyejua kusoma asione haya. Kumwuliza mtoto jioni leo mmesoma nini hakuhitaji cheti. Kumhesabisha samaki fungu kwa fungu ni hesabu. Kumsimulia hadithi za bahari ni lugha. Babu na bibi wana kazi hapa, na mwalimu wa chuo cha Kurani pia, kwani mtoto mmoja huyo huyo huenda kwake na huenda shule. Wakipanga saa pamoja, mtoto hatavutwa huku na huku. Wazee wa jando na unyago nao tuwaombe wasubiri likizo ya shule, ili mtoto asitoke darasani katikati ya mwaka akashindwa kurudi.

CHAMA KIFANYE NINI

Hapana budi maneno yawe kazi. Twapendekeza mambo matano, yajadiliwe katika mikutano ya matawi.

Kwanza, kila tawi limchague mjumbe mmoja wa mambo ya shule. Kazi yake ni kujua watoto wa wanachama walio nje ya shule, mmoja mmoja, bila kuwatangaza na bila kuwaaibisha wazazi wao.

Pili, tawi lizungumze na mwajiri ili mzazi apewe ruhusa ya saa chache, angalau mara moja kila muhula, aende shuleni bila kukatwa mshahara. Tuliingize jambo hili katika mapatano ya kazi pamoja na mengine. Ni saa chache tu kwa mwaka, na mwajiri mwenye akili atajua kwamba mama asiye na wasiwasi hufanya kazi vizuri.

Tatu, tuwaombe wakurugenzi wa shule waweke mikutano ya wazazi Jumamosi mchana au Jumapili, na wajumbe wetu wagombee viti katika baraza la shule. Mkutano uendeshwe kwa lugha ambayo wote wanaielewa, na pawepo mkalimani pale mwalimu asipoijua.

Nne, mafundi wetu watoe siku moja kila mwaka kwa shule ya jirani. Njia ya kiti cha magurudumu, choo, madawati, dirisha la kuleta mwanga. Bila kuombwa mara ya pili.

Tano, tushirikiane na walimu. Wao pia ni wafanyakazi, wana chama chao, ONP. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, ambaye mshahara wake huchelewa na nyumba yake iliungua katika vita, hatuwezi kumdai miujiza. Tukidai shule ipokee watoto wote, tudai pia mwalimu afundishwe namna ya kuwafundisha, apunguziwe idadi ya watoto, na alipwe kwa wakati. Madai hayo ni yetu na ni yao.

Wapo watakaosema: kwanza wasome walio wazima, hao wengine baadaye, kwani madawati hayatoshi. Hoja hiyo tuliisikia zamani kwa maneno mengine. Waliambiwa baba zetu kwamba wenye shule ni wachache na wao wangoje. Wakangoja miaka mingi. Dawati lisipotosha, watoto hukaa wawili wawili, watatu watatu, nasi tukatafuta mbao. Lakini anayeambiwa abaki nyumbani hawezi kusogezewa nafasi mahali ambapo hayupo.

Tena mtoto mzima hapungukiwi kitu kwa kukaa na asiyesikia. Mwalimu anayejifunza kusema polepole, kuonyesha kwa mikono, kuandika herufi kubwa na kuuliza kama wote wameelewa, huwafaidia wote. Na watoto waliosaidiana darasani wakikua hawatashindwa kusaidiana kazini.

Basi, ndugu zetu, daftari la shule litakapofunguliwa tena, kabla hujaenda kuandikisha wa kwako, pita kwa jirani. Muulize yule mtoto anayekaa uani ana miaka mingapi. Kama ametimiza miaka sita, mchukueni mwende naye pamoja.